Kabla ya Kuomba Skana, Hesabu Masanduku

Maandiko mengi ya kuomba ruzuku ya kuhifadhi mikusanyo ya makumbusho na nyaraka za kale huanza na kifaa. Taasisi inataka skana, kompyuta, kiyoyozi au kabati la kioo la maonyesho, halafu ndipo inatafutwa sababu ya kuvihitaji. Ushauri wangu kwa mkuu wa makumbusho ya wilaya, kwa mtunza nyaraka wa halmashauri au kaunti, kwa imamu wa msikiti wenye hati za mkono za Kiarabu na Kiswahili, na kwa paroko aliyerithi vitabu vya ubatizo vya enzi za Wajerumani, ni kuugeuza mpangilio huo. Anza na mkusanyo wenyewe: uko wapi, ni mwingi kiasi gani, unaharibiwa na nini, na uharibifu upi unakwenda kasi kuliko mwingine. Fedha ya serikali, iwe ya nchini au ya nchi rafiki, ina muda na masharti yake, na mkataba ukiisha mkusanyo bado utakuwapo, ukihitaji paa, rafu na mtu wa kuuangalia. Kwa hiyo ombi zuri ni lile ambalo hata fedha ikikatika njiani, kile kilichokwisha kufanyika kinaendelea kuvilinda vitu.

Mwaka 2011 ICCROM, taasisi ya kimataifa ya uhifadhi yenye makao yake Roma, ilishirikiana na UNESCO kuuliza makumbusho za nchi nyingi kuhusu hali ya stoo zao. Ilionekana kwamba takriban asilimia 60 ya mikusanyo iliyo stoo duniani imo hatarini, na matatizo yaliyotajwa ni ya kawaida kabisa: nafasi finyu, rejista zisizokamilika, watumishi wasiopata mafunzo, uongozi usioingia stoo. Hatari za aina hii haziui kitu kwa siku moja, ndiyo maana hazipati fungu kwenye bajeti. Kisha siku moja zinaua kila kitu. Makumbusho ya Taifa ya Brazil, jijini Rio de Janeiro, ilitimiza miaka 200 mwezi Juni 2018, na mwezi huohuo ikatia saini mkataba wa reais milioni 21.7 na benki ya maendeleo ya serikali, BNDES, ambao ndani yake mlikuwa na kinga ya moto. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, kabla fedha hiyo haijafanya kazi yake, jengo likashika moto ulioanzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa mihadhara. Sehemu kubwa ya mkusanyo uliokadiriwa kufika vitu milioni 20 iliteketea, zikiwamo rekodi za sauti za lugha za wenyeji ambazo baadhi yake hazina tena msemaji aliye hai. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town ukaunguza ukumbi wa kusomea wa Jagger pamoja na vitabu vingi vya mkusanyo wa masomo ya Afrika. Hasara ilikuwa chungu. Hata hivyo mfumo wa kutambua moto ulizishusha pazia za kuzuia moto, moto haukupenya kwenda sehemu nyingine za maktaba, na nyaraka za stoo za chini, ingawa zililoweshwa na maji ya zimamoto, zilitolewa na wahifadhi na watu waliojitolea. Pazia la chuma juu ya mlango halivutii katika picha ya uzinduzi wa mradi, lakini siku hiyo ndilo lililookoa.

Hapa kwetu tuna Beit el-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho ya historia na utamaduni ya Zanzibar. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi ikaanguka wakati ukarabati uliofadhiliwa na Serikali ya Oman ukiendelea. Watu wawili walifariki. Fedha ilikuwa imeshafika, lakini kuta zilikuwa zimeshachoka kwa miaka mingi. Anayeomba fedha ya kutengeneza kitu kimoja kilichomo ndani ya jengo linalovuja anapaswa kujiuliza mapema kama jengo lenyewe litasimama, kwa sababu mkaguzi wa mfadhili atamuuliza tu.

Sasa tathmini ya mkusanyo na hatari zake inafanywaje na taasisi isiyo na mhifadhi mwenye shahada? Wizara ya utamaduni ya Kanada, kupitia taasisi yake ya uhifadhi, imeyagawa mambo yanayoharibu mikusanyo katika mafungu kumi: mishtuko na uzito, wizi na uharibifu wa makusudi, moto, maji, wadudu na wanyama, uchafu wa hewa, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa, na kitu kutengana na taarifa zake. Chukua mafungu hayo kumi, ingia stoo na mwenzako mmoja, na andika kila fungu linavyoonekana humo ndani. Vuta kabati kidogo kutoka ukutani utazame kama kuna njia za udongo za mchwa. Fungua sanduku la chini kabisa, lile ambalo halijafunguliwa kwa muda mrefu, ushike karatasi: ikiwa imelegea kama kitambaa chenye unyevu, na ina madoa ya kijivu yanayonuka, ukungu umeshaingia. Angalia pembe za majalada, pale makarani wa zamani walipobana kurasa kwa pini za chuma. Kutu inaizunguka pini na kuitoboa karatasi hata pale ambapo maandishi bado ni mazuri. Angalia wino wa zamani wenye madini ya chuma, ambao kwenye hati nyingine hula mstari mzima mpaka herufi zikadondoka zikaacha tundu. Angalia selotepu iliyobandikwa kwa nia njema, sasa imekuwa ya njano na gundi yake imezama ndani. Kama masanduku ni mengi, huna haja ya kufungua yote. Chagua mia moja bila upendeleo, kutoka kila rafu, yape daraja la kwanza mpaka la nne kwa ubovu, na utakuwa na picha ya mkusanyo mzima ambayo msomaji wa ombi lako anaweza kuiamini.

Suala la unyevu, kwa watu wa pwani, linastahili kuzingatiwa kuliko mengine yote. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda, na katika Mombasa, Tanga, Lamu au Unguja kiwango hicho ni hali ya kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wengi hukimbilia kiyoyozi. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa saa tisa na nusu ofisi ikifungwa huufanya unyevu wa chumba upande na kushuka kila siku, na karatasi na mbao huteseka zaidi kwa kupanda na kushuka huko kuliko kwa joto lenyewe. Umeme ukikatika siku mbili, chumba kilichopozwa kinajaa mvuke. Nunua kwanza vifaa viwili vidogo vinavyorekodi joto na unyevu, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, uviache vifanye kazi mwaka mzima ili vipitie masika, kipupwe na vuli. Ukiwa na takwimu za mwaka unaweza kuonyesha kwamba kinachohitajika ni kuziba mfereji wa paa, kuweka feni na kuinua rafu ya chini sentimita 15 kutoka sakafuni, au kwamba kweli mtambo wa kuondoa unyevu hauepukiki. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa umeomba kitu kwa sababu inayoonekana, na huyo ndiye mwombaji ambaye kamati humpa fedha.

Fungu la kumi, kitu kutengana na taarifa zake, ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Ngoma isiyo na namba, isiyojulikana ilitoka kijiji gani wala ililetwa na nani, imeshapotea nusu hata kama ngozi yake haina tundu. Kinyume chake kiko Dar es Salaam, katika majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo Nyaraka za Taifa za Tanzania, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, wataalamu wa nyaraka waliyapanga majalada hayo na kuyaorodhesha, na orodha hiyo ikachapishwa Marburg mwaka 1973 katika juzuu mbili. Mtafiti wa Maji Maji au wa mashamba ya mkonge huko Tanga bado anaagiza jalada kwa herufi G na namba iliyowekwa wakati ule. Sijui ruzuku ya zamani katika eneo letu ambayo matunda yake yamedumu kuliko ya orodha hiyo, na ilikuwa kazi ya penseli, kadi na uvumilivu. Ukipata fursa ya kuomba mara moja tu, omba mishahara ya watu wawili wa kuorodhesha kwa miaka miwili.

Najua pingamizi linalokuja hapa: mchwa hawasubiri orodha, kwa nini tusiskani kila kitu sasa, yaliyomo yakawa salama, hata karatasi zikifa? Hoja hii ina uzito, na kwa hati iliyokwisha kuanza kupukutika nakala ya kidijiti ni lazima. Lakini tazama nakala hizo zinaishi wapi. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango unaogharamiwa na mfuko binafsi wa Arcadia, na utaratibu wake ni kwamba hati asili hubaki kwa wenyewe. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na makusanyo yake ya mtandaoni, pamoja na ya mpango huu, yakafungika kwa muda mrefu. Hati za Lamu zilikuwa zimebaki Lamu. Kama zingetupwa kwa kuwa zimeshaskaniwa, msomaji asingekuwa na pa kwenda. Isitoshe, faili la kidijiti nalo ni mali ya kutunzwa: linahitaji diski mbili katika majengo mawili, mtu wa kulikagua kila mwaka, fedha ya kubadili diski zikichakaa, na jina linaloeleweka. Taasisi isiyoweza kusema jalada namba fulani liko rafu ipi haitaweza kusema picha namba fulani iko folda ipi; itakuwa imeuhamisha mkanganyiko kutoka stoo kwenda kwenye kompyuta.

Na wafadhili wenyewe wanalijua hilo. Mfuko wa Mabalozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanza mwaka 2001, umekuwa na kanuni kwamba hautoi fedha kwa kuskani peke yake, isipokuwa kama ni sehemu ya kazi kubwa zaidi ya kuhifadhi au kuorodhesha. Haugharamii mali ya mtu binafsi, mabaki ya miili ya binadamu, wala gharama zilizotumika kabla ya mkataba. Mfuko wa Ulinzi wa Utamaduni, unaoendeshwa na British Council kwa fedha ya Serikali ya Uingereza tangu 2016, ulianzia nchi za Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Afrika, baadaye ukazijumuisha Kenya, Uganda na Tanzania. Unataka kuona tishio la vita au la mabadiliko ya tabianchi, hivyo mwombaji wa pwani aeleze bahari inayopanda na mvua zisizotabirika kwa ushahidi wa jengo lake mwenyewe. Mfano ninaoupenda zaidi haukuwa wetu kuuomba, ila ungefaa kuigwa na wizara zetu: ruzuku ndogo za Mfuko wa Taifa wa Ubinadamu wa Marekani kwa taasisi ndogo, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2000, na baadaye kiwango chake kikafika hadi dola 10,000, ili maktaba ya mji au makumbusho ya kijiji imlipe mtaalamu aje kutathmini, au inunue maboksi yasiyo na asidi na vipima unyevu. Fedha kidogo, kazi moja, ripoti fupi. Wizara inayotenga fungu la namna hiyo kwa makumbusho ishirini itafanya kazi kubwa kuliko ikiligharamia jumba moja.

Hapo linazaliwa pingamizi la pili, na hili ni la kiutendaji: mifuko kadhaa, ukiwamo huo wa mabalozi, hailipii tathmini iliyo peke yake, na mfadhili hupenda kitu cha kuonekana. Jibu ni kuigawa kazi. Tathmini ya awali, ile ya mafungu kumi na masanduku mia moja, ifanye kwa nguvu zako mwenyewe; inahitaji muda, daftari na uaminifu. Mbinu ya RE-ORG ya ICCROM, iliyotungwa mahususi kwa makumbusho ndogo zenye vitu visivyozidi 10,000, inaonyesha namna ya kuipanga stoo upya hatua kwa hatua kwa watumishi waliopo. Tathmini ya kitaalamu iweke kama sehemu ya kwanza ya mradi mkubwa. Na kuonekana nako kupo: picha ya rafu ileile kabla na baada, wanafunzi wanaoletwa kuona hati iliyosafishwa, maonyesho madogo mwishoni. Usimdharau mfadhili anayetaka picha, kwa maana naye anawajibika kwa bunge lake. Mpe picha ya kazi iliyofanyika kweli.

Kuhusu bajeti nitakuwa mfupi ila mkali. Maboksi na karatasi zisizo na asidi aghalabu hutoka nje, kwa hiyo weka usafiri, ushuru na muda wa bandarini, na omba msamaha wa kodi mapema kwa maandishi. Taasisi ya umma Tanzania hununua kupitia mfumo wa NeST, na ratiba isiyouhesabia mchakato huo itachelewa. Pata idhini ya wizara yako na saini ya afisa masuuli kabla ya tarehe ya mwisho. Maombi mengi mazuri hufia kwenye trei ya barua zinazosubiri kusainiwa. Kisha panga kazi kwa awamu zinazojitegemea, kwanza orodha, halafu paa na rafu, halafu maboksi, halafu matibabu ya vitu vilivyo mahututi, mwisho skana. Aprili 2025 mfuko uleule wa Ubinadamu wa Marekani ulivunja zaidi ya mikataba 1,000 ya ruzuku wakati kazi zinaendelea. Taasisi iliyokuwa imeanza na orodha na rafu ilibaki na orodha na rafu. Iliyokuwa imeshusha majalada yote sakafuni kusubiri vifaa ilibaki na majalada sakafuni.

Kuna wanaouliza, kwa nia safi, kwa nini serikali igharamie karatasi kuukuu wakati zahanati hazina dawa. Siwezi kumjibu mgonjwa kwa kumtajia uzuri wa historia. Namjibu kwa haki zake. Wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipoishtaki Serikali ya Uingereza, majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park yalifichuliwa mwaka 2011 na yakawa ushahidi. Juni 2013 serikali hiyo ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, zikiwamo gharama za kesi. Mipaka ya vijiji, fidia za mashamba, mirathi, pensheni na wakfu zote zinakaa ndani ya karatasi za namna hiyo, na anayezihitaji zaidi ni mtu asiye na wakili wala mjomba ofisini. Masijala iliyooza inamnyang'anya yeye kwanza.

Wengine wanahofia masharti ya fedha ya nje, hasa inapotoka kwa nchi iliyotutawala. Hofu hiyo isikuzuie kuomba. Ikuelekeze cha kuandika kwenye mkataba: vitu asili havivuki mpaka; nakala kamili zenye ubora wa juu zinabaki kwako, kwenye diski zako; haki ya kuchapisha picha ni ya taasisi au ya jamii yenye mali; maelezo ya vitu yaandikwe kwa Kiswahili pia, na si kwa lugha ya mfadhili pekee; na hati za familia au za dini zisipandishwe mtandaoni bila wenyewe kuridhia. Mfadhili mzito hukubali masharti haya bila ugomvi. Akikataa, mshukuru utafute mwingine.

Mwisho, fedha ya nyumbani isisahaulike, kwa sababu ndiyo itakayobaki. Nchini Kenya Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Nchi zote mbili huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Mwaka wa kwanza wa ruzuku, usingoje umalizike, peleka kwa mhasibu ombi la kasma ndogo ya kila mwaka: dawa ya mchwa, betri za vipima unyevu, maboksi ya ziada, siku mbili za fundi wa paa kabla ya masika. Ambatisha ripoti uliyompelekea mfadhili, pamoja na takwimu za unyevu za miezi kumi na miwili. Na katika maelezo ya kazi ya mtumishi mmoja, kwa cheo chake, andika kwamba kila Jumatatu asubuhi ataingia stoo, atasoma kipimo, ataangalia mitego ya wadudu na kutia saini kwenye daftari. Akienda likizo, daftari likabidhiwe kwa maandishi kwa anayeshika nafasi yake, pamoja na funguo.